Klaudia Mtoa Simba wa Hamugembe

Mwaka wa sabini na tatu, masika yalipokatika, ukoo wa Gamaliel ulikaa kikao Muleba kuamua kama mkewe Klaudia arudishwe kwao Maruku. Hakushtakiwa uvivu, wala ulimi mrefu, wala kumnyima mumewe chakula. Alishtakiwa kung'oa simba. Si simba wa porini, tusitishane bure. Ni simba wa Pijo, yule mdogo wa chuma king'aacho aliyesimama kwa miguu ya nyuma kwenye pua ya gari, makucha juu, ulimi nje. Lakini simba ni simba, walisema wazee, na simba ndiye muziro wa ukoo ule.

Aliyezaliwa kwingine anisamehe nikieleza. Kila ukoo wa Kihaya una muziro wake, kiumbe ambacho watu wa ukoo huo hawakili, hawakipigi na hawakifanyii mzaha. Wengine ni kamongo wa ziwani, wengine pongo, wengine uyoga tu wa shambani. Mtoto anaurithi kwa baba. Ukiuvunja, meno yanang'oka, au ngozi inababuka, au uzazi unakauka nyumbani. Mapadri wamehubiri juu ya jambo hili tangu enzi za Wajerumani, na waumini wameitikia amina kwa moyo mweupe, kisha kila mmoja akarudi nyumbani akaendelea kutokula asichokula baba yake.

Gamaliel hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alikuwa fundi bodi, na gereji yake ilikuwa Hamugembe, mjini Bukoba: paa la bati juu ya nguzo nne, migomba nyuma, barabara mbele. Land Rover iliyobingiria mtoni ililetwa kwake imekunjamana, na baada ya wiki mbili ikatoka imenyooka. Alikuwa anapapasa bati kwa kiganja, macho amefumba, akajua nyundo ishuke wapi. Watu walimheshimu, naye alijiheshimu zaidi kidogo ya walivyomheshimu wao. Ila ikija Pijo, kabla ya kushika nyundo alichukua kitambaa safi, akamfunika simba kichwa na mwili, akafunga fundo. Wapita njia walimcheka.

"Gamaliel, leo umemfunika baba mkwe?"

"Babu," alijibu bila kugeuka. "Baba mkwe wangu yuko Maruku, na hana mkia."

Alimwoa Klaudia mwaka wa sitini na tatu, bendera mpya haijapauka bado ofisini. Alikuwa binti wa wasusi, watu wa kusuka vile vikapu vidogo vya kutunzia kahawa ya kutafuna, vyenye shingo nyembamba. Kumalizia kikapu cha namna hiyo lazima mkono uingie ndani mpaka chini, upinde unyasi usiouona. Mkono wa Klaudia uliingia. Kifundo chake kilikuwa chembamba, vidole virefu, na ncha za vidole vile zilikuwa na akili zake zenyewe. Muziro wa baba yake ulikuwa kamongo. Mwanamke akiolewa habadili muziro. Anauheshimu wa mumewe, lakini damu yake inabaki ya kwao. Wakati wa harusi hakuna aliyewaza kwamba jambo hilo lingekuja kuwa na kazi kwenye gereji.

Azimio lilipotangazwa mwaka wa sitini na saba, ofisi moja ya mjini, ambayo sitaitaja kwa kuwa waliokuwamo wana watoto na wajukuu, ilikabidhiwa Pijo tatu zilizokuwa za kampuni. Aliyezileta gereji ni kijana Mutembei, ofisa wa usafiri, shati lake lina mifuko minne na kila mfuko una kalamu.

"Ndugu Gamaliel," alisema, "magari haya sasa ni ya wananchi. Simba ni mnyama wa wafalme. Machifu tumeshawaaga, na hawa nao washuke."

"Ndugu Mutembei, rangi nitapiga, milango nitanyoosha. Simba simgusi."

"Humgusi kwa nini?"

"Ni wa kwetu."

Mutembei alikuwa Mhaya wa kuzaliwa na alielewa vizuri sana, ila siku hizo alikuwa amejifunza kutoelewa. Alisema kama magari hayatakuwa tayari kabla ya Saba Saba, yatapakiwa melini kwenda Mwanza, na magari mengine yote ya ofisi yatafuata njia hiyo hiyo.

Gamaliel alimwita Projestus, fundi mwenzake wa miaka mingi, mtu wa ukoo mwingine, mwenye mikono ya kuchimbia visima. Alimwachia kazi, akageukia migombani ili asione. Alisikia tu. Patasi iligongwa mara tatu. Simba wa kwanza alitoka bila mguu mmoja, rangi ya boneti ikamfuata vipande vipande, na bati likabonyea. Gamaliel alishika shavu. Jino lilikuwa limeanza kumuuma, au alidhani limeanza. Kwake ilikuwa mamoja.

Ndipo Klaudia alipofika na chakula cha mchana, ndizi na maharage kwenye sufuria iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Aliitazama boneti. Kisha aliutazama mguu wa simba ulioanguka kwenye vumbi.

"Waitu jamani, mnamtoa au mnamuua?"

"Tunamtoa," alisema Projestus.

"Hebu nipisheni."

Alichokifanya mchana ule, Gamaliel alikisimulia maisha yake yote, na kila mara alishusha sauti, hata kama walikuwa kilabuni na rubisi imeshapanda kichwani. Klaudia alianza kwa kumwosha simba wa gari la pili. Alimwosha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akamtoa tope la barabara ya Kamachumu na miguu ya senene iliyomkaukia mdomoni. Projestus alitaka kuuliza mnyama wa chuma anaoshwa ili iweje, akamwona Gamaliel alivyotoa macho, akageukia sufuria ya maharage. Kisha Klaudia alichuna utepe laini kwenye shina la mgomba, bado una maji, akauzungushia chini ya simba ili kitu chochote cha chuma kisiguse rangi. Akaomba mafuta na unyoya wa kuku.

Akapitisha mkono ndani ya shoo, ule wavu wa mbele, ukaingia mpaka kwenye kiwiko, ukapanda nyuma ya mdomo wa boneti, mahali ambapo tangu gari litengenezwe hapakuwahi kufika mkono wa mwanamume wa Hamugembe. Alifumba macho.

"Ana nati mbili," alisema. "Zimelala kwenye kutu."

Alizidondoshea mafuta kwa unyoya, kisha akatoa mkono, akaketi juu ya tairi, akawa hafanyi kitu.

"Unangoja nini?" Gamaliel aliuliza.

"Zinakunywa."

Alingoja mpaka Projestus akamaliza maharage yote, ya kwake na ya bosi wake. Aliporudisha mkono hakutumia nguvu. Bega lake halikutikisika hata kidogo. Nati ya kwanza ilitoka, akaitia mdomoni. Ya pili ikatoka, akaitia mdomoni. Halafu alisokota uzi mwembamba wa mgomba kwenye paja lake, akaupitisha nyuma ya simba, akaanza kuuvuta kushoto na kulia, polepole, kwa kuwa simba aliyesimama juani na mvuani miaka sita ameshagandana na rangi. Uzi ulipokaribia mwisho aliweka kiganja chini yake. Simba akashuka mwenyewe. Klaudia hakumvuta. Alimpokea.

Gamaliel alisahau kugeuka. Katika maisha yake alikuwa ameona padri akiinua hostia, na alikuwa amemwona mkunga akitoka chumbani na mtoto wa dada yake. Hakuwa amepata cha tatu cha kuweka pamoja na hivyo mpaka saa ile. Alikuwa amelala nyumba moja na mikono ile miaka minne akidhani ni ya kusukia mikeka.

Na kazi ilikuwa bado. Vitundu viwili vilivyobaki, ukubwa wa punje za ulezi, Gamaliel mwenyewe aliviziba kwa lehemu. Lakini mahali alipokuwa simba, rangi ilikuwa ya buluu nzito kama siku gari lilipotoka kiwandani, na pembeni yake jua lilikuwa limeipausha. Kwa hiyo simba alikuwa ameondoka na bado yupo, kivuli kilichosimama kwa miguu ya nyuma, makucha juu. Projestus alifanya ishara ya msalaba. Klaudia alichoma maganda ya kahawa, akachekecha majivu kwa kitambaa, akayachanganya na mafuta, akaanza kuisugua boneti kutoka kingoni kuelekea kwenye kivuli, duara ndogo ndogo, akiiamsha rangi iliyolala chini ya ile iliyopauka. Alisugua mpaka jioni. Kivuli kilizama kidogo kidogo, ulimi kwanza, kisha makucha, kisha mgongo. Alipomaliza, Gamaliel alifumba macho akapitisha kiganja chake, kile ambacho hakijawahi kudanganywa na bati, na kiganja kikapita bila kukuta kitu.

Mutembei alipokuja aliinama mbele ya boneti mpaka kalamu zikamdondoka.

"Alikuwa hapa hapa?" aliuliza, na sauti ya ofisini ilikuwa imemtoka.

"Alikuwa hapo," alisema Klaudia, akamviringisha simba kwenye kitambaa, akaondoka naye pamoja na sufuria.

Basi ikawa ndiyo kazi yake. Watu ni wa ajabu. Pijo isiyo na simba ilikuwa imeanza kama gari la serikali, na watu walipoona askari wa vizuizi vya barabarani wanaipigia saluti, kila mwenye Pijo akataka simba wake ashuke. Walikuja wanunuzi wa kahawa, wakaja walimu wakuu, akaja daktari wa Kibeta. Jagdish Vallabhdas, mwenye duka la vitambaa mjini, alikuja kwa sababu ya kinyume kabisa.

"Mama, siku hizi gari lenye simba linaitwa la bepari," alimwambia Klaudia. "Nitolee. Nataka gari langu linyamaze."

Mkewe Manorama alikuwa amekaa ndani ya gari amejifunika uso kwa sababu ya vumbi. Simba alipodondoka kiganjani mwa Klaudia, mama yule alishuka, akaishika mikono ya mwenzake, akaigeuza juu na chini kama anayetafuta siri ilikofichwa. Hakuiona. Alicheka tu, akasema neno la Kigujarati ambalo Jagdish alikataa kulitafsiri.

Watu walimwita Klaudia Mtoa Simba. Kila simba aliyemtoa aliondoka naye kwenye kitambaa, na hakuna mteja aliyemdai. Gamaliel alijua kwamba anawachukua. Alidhani anampelekea mchuuzi wa vyuma chakavu sokoni, na hakuuliza kwa sababu aliliogopa jibu. Kazi ikianza aligeuka upande kama muziro unavyotaka, ila siku hizi aligeuka nusu tu, kwa kuwa hakuweza kuacha kutazama. Alimwogopa mkewe kidogo, kwa namna nzuri, kama unavyoogopa kusema kwa sauti ndani ya kanisa.

Mtoto hawakupata. Miaka ikapita, sita, saba, tisa. Mama yake Gamaliel, Georgina, alikuwa anakuja kutoka Muleba kila baada ya mavuno ya kahawa, anakagua kibanja cha migomba, anakagua jiko, kisha anakagua tumbo la mkwewe bila kuficha macho. Alikuwa mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka, na akikohoa nyumba nzima ilikaa vizuri. Aliposikia habari ya simba, alipata alichokuwa anakitafuta.

"Anawang'oa watu wa mume wake mmoja mmoja," aliwaambia wazee. "Mnadhani mtoto wa kwetu atakubali kuingia tumboni mwa mwanamke wa namna hiyo?"

Ndivyo kikao kilivyoitishwa.

Walikutana nyumbani kwa mzee Kagaruki, mkubwa wa ukoo. Nyasi mbichi zilikuwa zimetandazwa sakafuni, kikapu cha kahawa ya kutafuna kikipita kutoka mkono hadi mkono. Kagaruki alikuwa na sikio moja zima, ambalo alilitumia zaidi kwa redio kuliko kwa watu, na siku ile redio ilizimwa kwa heshima ya mashtaka, jambo lililomtia uchungu. Georgina alisema yake yote, na kwa haki tuseme alisema vizuri. Alisema Gamaliel ni mwanawe wa pekee wa kiume. Alisema hana ugomvi na mikono ya Klaudia, ana ugomvi na inachokifanya. Alisema mwanamke arudi kwao, mwanamume aoe mwingine, kabla ya jina lao kwisha.

Wote walimgeukia Gamaliel. Alikuwa na la kusema. Alikuwa amelipanga ndani ya basi tangu Bukoba, maneno kama ishirini hivi, kwamba mke huyu hamwachi, na wakimrudisha Maruku atamfuata akaishi kwa wakwe, aibu iwe aibu. Sasa maneno yalimkwama. Nasema wazi: aliogopa. Mtu aliyenyoosha Land Rover alishindwa kunyoosha sentensi moja. Alitazama nyasi, akatafuna kahawa iliyokwisha kutafunwa.

"Na hao simba wako wapi?" aliuliza Kagaruki.

"Anawauza kwa wachuuzi wa vyuma," alisema Georgina. "Wako wapi tena?"

Klaudia alikuwa amekaa na wanawake, miguu ameikunja upande. Hakuinua sauti.

"Nimewazika," alisema.

"Anasema nini?" Kagaruki aliuliza.

"Amewazika!" mtu alimpigia kelele kwenye sikio zima.

"Amewazika wapi?"

"Kibanjani kwa mume wangu, tata," alijibu, akimwita baba kwa Kihaya. "Ndani ya rubugo."

Kikapu cha kahawa kilisimama kilipokuwa. Rubugo ni ile nguo ya gome la mti ambayo mababu walivikwa wakienda kaburini, na kibanjani ndiko Wahaya wanakozika watu wao, katikati ya migomba, ili wafu na ndizi wakae pamoja. Hakuna mtu mzima pale ndani ambaye hakuelewa. Mwanamke huyu wa ukoo wa kamongo alikuwa amewazika simba wa chuma mazishi ya watu wa ukoo wa simba, na hakuwa amemwambia mtu.

"Gamaliel, umewaona?" aliuliza Kagaruki.

"Sijawaona, tata."

"Unaishi hapo?"

"Ninaishi hapo, tata."

Mtu mmoja alianza kucheka, akajikuta yuko peke yake, akaacha. Kagaruki alifikiri, na alipofikiri alisahau redio yake kabisa.

"Georgina," alisema, "mashtaka umeleta wewe. Nenda ukaone kwa macho yako. Ukikuta ni uongo, huyu anakwenda Maruku siku hiyo hiyo na mikeka yake. Ukikuta ni kweli, utaniambia la kufanya, maana mimi sijui. Utakalorudi nalo ndilo."

Jumapili baada ya misa ya kwanza walipanda basi, watatu, mpaka Bukoba. Hamugembe jua lilikuwa limepanda. Klaudia hakuingia hata ndani kubadili nguo. Alipita mbele, akawaongoza hadi mwisho wa kibanja, nyuma ya migomba mizee ambayo Gamaliel alimwachia yeye kuipalilia kwa kuwa alikuwa na magari.

Palikuwa na mstari. Vijiwe vyeupe vya ziwani, kimoja kimoja, vimepangwa kwa nafasi sawa kama mishono ya mkeka, ardhi yake safi, haina hata jani la gugu. Georgina alihesabu kwa kidole, akitembea taratibu. Alifika thelathini na mmoja kabla ya mstari kuingia kivulini.

"Nionyeshe mmoja," alisema.

Klaudia alipiga magoti, akafukua kwa mikono. Haikuwa kina kirefu. Alitoa furushi dogo la rubugo, akalifungua juu ya paja. Simba alikuwa ndani, ameoshwa, amepakwa mafuta, hana mkwaruzo hata mmoja, na jua lilipompata alimulika usoni mwa yule mama mzee mpaka akarudi nyuma hatua moja. Alifukua na wa pili, yule aliyeng'olewa na Projestus. Mguu wake uliovunjika ulikuwa umelazwa kando yake, umefungwa naye kwa uzi.

Gamaliel alivua kofia. Miaka yote hiyo alikuwa amefunika simba kwa kitambaa cha gereji na kujiona mtu wa heshima.

Georgina aliendelea kutembea mpaka kichwani mwa mstari, pale kwenye kivuli, na huko akasimama. Palikuwa na vijiwe viwili zaidi, vidogo kuliko vingine, vimewekwa karibu karibu.

"Na hawa?"

"Hao ndio wa kwanza, mama," alisema Klaudia. "Hawakutoka kwenye gari."

Upepo ulipita juu ya migomba. Georgina aligeuka pole pole.

"Lini?"

"Mmoja mwaka wa sitini na nne, wakati wa senene. Wa pili mwaka uliofuata. Mmoja alikuwa wa miezi mitatu tumboni, na mwingine minne."

Miaka miwili mizima kabla Mutembei hajaja na Pijo zake. Kabla ya simba hata mmoja. Gamaliel alijua kuhesabu, na alihesabu, na alipofika mwisho wa hesabu alikaa chini kwenye udongo. Alijaribu kukumbuka siku zile alikuwa wapi. Alikuwa hapo mbele, hatua hamsini, ananyoosha bati.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza Georgina.

"Ningesema nini, mama? Mngeniuliza nilikula nini, nilibeba nini, nilimkosea nani. Niliwalaza hapa mwenyewe. Lakini nilikuwa naumia kwamba wako peke yao, na mimi si wa ukoo wao. Mimi ni wa kamongo. Wao ni wa simba." Aliifunika rubugo tena juu ya simba, akaiweka vizuri pembeni. "Siku ile nilipompokea yule wa kwanza, nikaona huyu ni wa kwao. Nikamleta akae nao. Na kila aliyekuja baadaye."

Gamaliel alilia, na hakuficha. Ilikuwa huzuni, lakini si huzuni peke yake; alikuwa mbele ya kitu kikubwa kuliko yeye, kikubwa kuliko ukoo uliokaa Muleba, na kilikuwa kimejengwa nyuma ya gereji yake kwa vijiwe na mikono miwili. Ulimi uliomgoma mbele ya wazee ulifunguka pale, ukatoa neno moja tu, jina la mkewe.

Georgina naye alikuwa mke wa ukoo ule, naye alikuja kutoka ukoo mwingine, mbichi, miaka hamsini nyuma. Alivua viatu vyake vya kanisani.

"Gamaliel," alisema, "acha kukaa. Lete nyasi."

Alileta nyasi mbichi, mzigo mzima, zile zinazotandazwa nyumbani anapokuja mgeni wa heshima. Georgina alizitandaza kwa mikono yake kuanzia kwenye vijiwe viwili, akishuka na mstari, na Klaudia akashika upande wa pili. Mama mkwe alikaa Hamugembe siku nne. Kuhusu tumbo la mtu hakuuliza.

Aliporudi Muleba alikwenda moja kwa moja kwa Kagaruki, kabla hata ya kutua mzigo. Mzee alipunguza redio.

"Vipi, tumrudishe?" aliuliza.

Georgina aliinama kwenye lile sikio zima, lakini alisema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

"Mkitaka kumrudisha, kwanza mniambie nani atakaa na wajukuu zangu."